Kijani cha Jeshi Halisi ni Kipi? Jibu kwa Fundi wa Mabegi wa Arusha

Swali hili limetoka kwa fundi wa Arusha anayeshona mabegi ya mgongoni na vizibao vya mifuko mingi kwa waongoza watalii wanaopeleka wageni kutazama ndege. Kwa kifupi ameandika hivi:

"Wateja wangu karibu wote wanataka kijani cha jeshi. Nilinunua kitambaa cha nailoni, mikanda, zipu na uzi, na dukani vyote vilioana kabisa. Nilipotoka navyo nje, kila kimoja kikawa na rangi yake. Sasa mabegi ya kwanza yamekaa juani miezi kadhaa, kitambaa kimeanza kuwa na wekundu lakini mikanda imebaki kijani vilevile. Naomba kujua kijani cha jeshi halisi ni kipi, kwa nini majeshi yanakipenda, na nifanye nini ili rangi ya kazi yangu idumu. Je, naweza kuyatia rangi upya mabegi yaliyokwisha kuwa mekundu?"

Fundi, pole na kazi, na hongera kwa kuitoa kazi yako nje uitazame juani, maana wengi huridhika na taa ya dukani. Nikujibu moja kwa moja: kijani kimoja halisi cha jeshi hakipo, na hakijawahi kuwepo. Kuna ukoo mzima wa rangi zilizopooza, nusu kijani nusu udongo, ambazo majeshi yamezichagua, yakaziacha, yakazirudia. Zinachochangia ni tabia: giza la wastani, ukali mdogo, kutong'aa, na kuzeeka bila kugeuka kuwa kitu kingine. Tabia hiyo ya mwisho ndiyo iliyokukosa wewe, na kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Hadi katikati ya karne ya 19 askari wa Ulaya alivaa ili aonekane. Moshi wa baruti ulifunika uwanja wa vita na kamanda alihitaji kujua watu wake wako wapi, kwa hiyo koti jekundu la Mwingereza na suruali nyekundu ya Mfaransa vilikuwa na kazi yake. Miaka ya 1880 ilipokuja baruti isiyotoa moshi, pamoja na bunduki zinazolenga mbali, nguo iliyoonekana ikawa hatari kwa aliyeivaa. Waingereza walikuwa wameshaijua rangi ya vumbi huko India tangu miaka ya 1840, kwenye kikosi cha Guides alichokiunda Harry Lumsden kule Peshawar. Vita dhidi ya Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, vikamaliza ubishi. Mwaka 1902 Uingereza iliweka kaki kuwa sare ya kazi ya jeshi lake lote, na mwaka huohuo Marekani ikachagua rangi iliyoipa jina la Olive Drab, yaani zeituni iliyopooza. Wajerumani nao, kuanzia 1907, wakahamia kijivu chenye ukijani walichokiita Feldgrau. Kila jeshi lilitazama ardhi ambayo lilidhani litapigania, likachukua wastani wa rangi zake.

Olive Drab ndiyo mama wa kile wateja wako wanachokiita kijani cha jeshi, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Kuna jambo juu yake ambalo kila fundi wa rangi anapaswa kulijaribu kwa mkono wake. Chukua rangi ya ukutani ya manjano ya udongo, ile iliyofifia, kisha utie nyeusi kidogo kidogo huku ukikoroga. Utategemea upate manjano chafu. Utakachopata ni zeituni. Hakuna tone la kijani ndani yake, lakini jicho linaona kijani. Rangi ya magari ya Jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa ya namna hiyo, nyeusi na manjano ya udongo. Ni vitu rahisi, vinapatikana kokote, na udongo wa manjano ni oksidi ya chuma ambayo jua haliwezi kuidhuru. Gari linaweza kuchakaa, rangi yake ikawa ya unga na kupauka kidogo, lakini haligeuki kuwa jekundu wala zambarau.

Nguo ni habari nyingine, na hata jeshi lenye fedha nyingi halikuishinda kwa urahisi. Vita hivyo vilipoanza, turubai, mikanda na mikoba ya Wamarekani ilikuwa ya rangi iliyoandikwa Olive Drab namba 3, ambayo wewe ungeiita kaki yenye ukijani kidogo. Kuanzia 1943 ikaanza kuingia namba 7, iliyokolea zaidi na ya kijani zaidi. Viwanda havikutupa vitambaa vilivyokuwa ghalani. Vilishona mikoba ambayo mwili wake ni namba 3 na kingo zake ni namba 7, na leo wakusanyaji wa vifaa vya vita huitafuta mikoba hiyo ya rangi mbili kwa hamu. Nakueleza haya ili usijione umeshindwa jambo rahisi. Kuoanisha kitambaa na mkanda kulikushinda wewe na kuliwashinda pia waliokuwa na maabara na bajeti ya vita vya dunia.

Kwetu Afrika Mashariki historia hii ina ukurasa wake. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), waliotoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo), walizoea kaki nyepesi, nguo inayofaa nyika na vumbi. Walipopelekwa Burma, au Bama kama wazee walivyoiita, kaki ile ilijitokeza kwenye misitu mizito yenye giza na unyevu. Jeshi la Uingereza kule likahamia rangi iliyoitwa Jungle Green, mwanzoni hata kwa kuchovya sare za kaki kwenye rangi ya kijani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliposhuka Bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944 hadi Kalewa na kuvuka Mto Chindwin mwezi Desemba, vita vilikuwa vya kijani. Muongo uliofuata rangi hiyohiyo ilionekana kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, safari hii kwenye miili ya waliowasaka Mau Mau. Ndiyo maana kwa wazee wengi wa Kenya kijani hicho hakikumbushi safari ya kutazama ndege. Ukipata mteja wa umri huo asiyekitaka, mshonee kahawia.

Baada ya vita Wamarekani walileta, mwaka 1952, sare ya pamba ya rangi iliyoandikwa OG-107, na ikadumu katika jeshi lao hadi 1989. Hiyo ndiyo rangi ambayo dunia nzima imeiona kwenye picha za Vietnam, na washirika wengi wa Marekani waliivaa au waliiiga. Ukimwomba mtu mzima afumbe macho awaze kijani cha jeshi, nadhani mara nyingi atawaza hiyo: kijani safi kidogo kuliko Olive Drab, kilichofuliwa mara nyingi.

Majeshi yaliacha kubishana juu ya majina pale yalipoanza kutumia namba. Kiwango cha Marekani kilichoitwa FS 595, kilichotolewa mwaka 1956 na kurithiwa mwaka 2017 na AMS-STD-595 yenye namba zilezile, kinazipa rangi tarakimu tano, na ukijua kuzisoma zinakuambia mengi. Chukua 34087, namba ambayo watu huiita Olive Drab. Tarakimu ya kwanza ni mng'aro: 1 inang'aa, 2 ni nusu, 3 haing'ai kabisa. Ya pili ni kundi la rangi, na 4 ni kijani. Tatu za mwisho hupanga rangi kutoka giza kwenda mwanga, kwa hiyo 087 iko karibu na giza. Wajerumani wana mfumo wao wa RAL, ulioanza miaka ya 1920. Magari ya jeshi la Ujerumani Magharibi yalipakwa RAL 6014, zeituni yenye umanjano, hadi ilipofika 1984 yakahamia RAL 6031, kijani cha shaba. Waingereza wana kiwango chao cha BS 381C. Ukiagiza rangi nje, usimwandikie muuzaji "kijani cha jeshi". Mwandikie namba, na mwambie akutumie kipande cha sampuli kabla ya jora. Hizi ni namba za rangi za kupaka, siyo za nguo, kwa hiyo zichukue kama shabaha tu. Kitambaa chenyewe utakihukumu kwa macho yako.

Sasa kwa nini rangi hii na si kijani cha jani. Shika jani moja la mwembe mkononi: ni kijani kikali. Tazama mwembe mzima kutoka mita mia mbili na ukali wote umepotea. Unachokiona ni majani, matawi, vivuli vilivyo kati ya majani, na hewa yenye vumbi mbele yake, vyote vimechanganyika. Wastani wake una giza, una ukijivu, una ukahawia. Shati la kijani kikali kama cha bendera hujitokeza porini kuliko hata shati la rangi ya udongo. Na jicho la binadamu mchana huhisi zaidi mwanga wa nanomita 555 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), ambao ni kijani chenye umanjano, kwa hiyo kijani kikizidi mwanga kidogo tu mbele ya vichaka jicho linakidaka mara moja. Jioni mambo yanabadilika tena. Kilele cha jicho kinasogea hadi karibu nanomita 507, nyekundu zinakaribia kuwa nyeusi, na kijani kinaonekana kung'ara kuliko kilivyokuwa mchana. Rangi iliyopooza na yenye giza kidogo hustahimili mabadiliko hayo mawili. Kijani kikali hakistahimili hata moja.

Mng'aro una uzito uleule, na mafundi wengi huusahau. Nailoni ya kawaida ina nyuzi laini zinazoakisi jua. Begi likiwa na rangi sahihi kabisa lakini likamemetuka mgongoni mwa mtu, rangi haijasaidia kitu. Ndiyo sababu vifaa vya kijeshi hushonwa kwa nailoni yenye nyuzi zilizovurugwa kwa hewa kiwandani, kama Cordura ya denia 500 au 1000 (denia ni kipimo cha unene wa uzi), ambayo ukiishika ina ukwaru kama turubai la pamba. Nikilazimika kuchagua kati ya kitambaa chenye rangi kamili kinachong'aa na kitambaa chenye rangi ya kukosea kidogo kisichong'aa, nachukua cha pili bila kusita.

Kuna tabia moja zaidi ambayo jeshi hulipia na wewe huna haja ya kulipia. Majani mabichi, kwa sababu ya klorofili na muundo wa ndani wa jani, hunyonya mwanga mwekundu kisha, kuanzia karibu nanomita 700, huanza kuakisi kwa nguvu mionzi ya infraredi ambayo sisi hatuioni. Miwani ya kuonea usiku inaiona. Kitambaa kilichotiwa rangi za kawaida kinaweza kuwa kijani safi machoni lakini kikaonekana cheupe kama shuka ndani ya miwani hiyo, au kikawa cheusi mno kikitiwa masizi mengi. Kwa hiyo sare za leo hutiwa rangi maalumu ili ziakisi infraredi karibu na vile majani na udongo vinavyoakisi, na askari hukatazwa kuzitia wanga au kuzifua kwa sabuni yenye ving'arishi. Muuzaji akikuambia nailoni yake "imepimwa infraredi" na bei imepanda kwa sababu hiyo, mshukuru na uendelee na safari. Mtazama ndege wa Ziwa Manyara hahitaji.

Lile katazo la ving'arishi, hata hivyo, lina maana kwa wateja wako kwa njia nyingine. Sabuni nyingi za unga zina kemikali zinazonyonya mwanga wa urujuanimno, ambao sisi hatuuoni, na kuutoa tena ukiwa bluu, ndiyo maana nguo nyeupe huonekana nyeupe kuliko nyeupe. Ndege wengi wanaona urujuanimno. Kizibao kilichopoozwa kwa uangalifu kiwandani, kisha kikafuliwa kila wiki kwa sabuni hiyo, kinatoa mwanga ambao kichaka hakitoi. Waambie wateja wafue kwa sabuni ya mche, maji ya kawaida, wasuuze vizuri, waanike kivulini kikiwa kimegeuzwa nje ndani. Ni ushauri wa bure na unaongeza umri wa rangi vilevile.

Nije kwenye wekundu wa mabegi yako, maana hapa ndipo penye kazi.

Begi lako lina angalau aina tatu za nyuzi, na kila moja imetiwa rangi kwa njia yake. Kitambaa cha nailoni hutiwa rangi za asidi. Utepe wa zipu na uzi wako bila shaka ni poliesta, ambayo hutiwa rangi za jamii nyingine kabisa kwa joto kali. Mikanda ya bei nafuu inayouzwa madukani mara nyingi ni polipropilini, na hiyo haikubali kuchovywa. Rangi huchanganywa ndani ya plastiki ikiwa imeyeyuka, kabla ya kuvutwa kuwa uzi. Viwanda vitatu, kemia tatu, vyote vinajaribu kufika kwenye zeituni ileile. Vinafika, lakini chini ya taa moja tu. Kila mchanganyiko una namna yake ya kunyonya na kuakisi mawimbi ya mwanga. Taa ya dukani ina mawimbi machache, jua lina yote, kwa hiyo kilichooana ndani kinaachana nje. Zeituni na kijivu ndizo rangi mbaya kuliko zote kwa jambo hili, kwa sababu zinatengenezwa kwa kuchanganya rangi nyingi na jicho hugundua upesi kosa dogo ndani yake. Nyekundu kali ingekusamehe.

Kupauka nako kuna sababu iliyo karibu na hiyo. Zeituni ya nailoni kwa kawaida ni mchanganyiko wa manjano, bluu na kiasi cha nyekundu au rangi ya machungwa, na hizo tatu haziko sawa kwa nguvu mbele ya jua. Ikitangulia kufa bluu, kitambaa kinaelekea wekundu na ukahawia, kama chako. Ikitangulia manjano, kinaelekea bluu na zambarau. Kiwanda makini huchagua tatu zinazozeeka pamoja, na kwa nailoni ya nje hutumia rangi za asidi zenye chembe ya madini ndani yake, ambazo hukaa vizuri zaidi juani. Kiwanda cha haraka hutumia kilichopo ghalani. Mikanda yako imebaki kijani kwa sababu rangi yake imefungiwa ndani ya plastiki yenyewe. Lakini usiisifu mapema: polipropilini isiyowekewa dawa ya kuzuia jua hukauka na kukatika nyuzi wakati rangi bado ni nzuri. Ikunje na kuivuta kila baada ya muda. Ukiona unga au manyoya, ibadilishe kabla haijamwangushia mtu darubini.

Ongeza na mahali ulipo. Arusha iko karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo urujuanimno unavyoongezeka. Kitambaa kinachodumu miaka mitatu mgongoni mwa mwanafunzi wa Ulaya hakina ahadi hiyo kwa mwongozaji anayeshinda juu ya gari lililofunguliwa paa.

Kwa hiyo unaponunua, uliza uimara wa rangi mbele ya mwanga. Kipimo kinachotumika duniani kina daraja 1 hadi 8, na kila daraja ni takriban mara mbili ya lile lililo chini yake. Kwa begi la nje usikubali chini ya 5, na ukipata 6 au zaidi lipa tofauti ya bei bila kunung'unika. Muuzaji wa jumla anayeagiza kutoka kiwanda kinachojulikana anaweza kuuliza na kukuletea jibu. Asiyejua hata swali lina maana gani, nunua kwake mita moja tu, kisha upime mwenyewe: kata vipande viwili vya kila kitu, kitambaa, mkanda, zipu, uzi, vipange kwenye kadi, funika nusu kwa gamba la boksi, weka kadi juu ya bati linalopigwa jua kutwa nzima. Baada ya wiki sita fungua. Mstari kati ya nusu mbili utakuambia zaidi ya maneno yote ya muuzaji. Weka kadi hizo kwenye faili na uandike duka na tarehe. Baada ya mwaka utakuwa na elimu ambayo hakuna mtu mwingine mtaani kwako anayo.

Kitambaa kipya ukipate wapi? Siku hizi kuna nailoni ambayo rangi huchanganywa kabla ya kuvutwa uzi, kama ile mikanda. Ni ghali na rangi zake ni chache, lakini zeituni huwa mojawapo. Kwa mteja anayetaka begi la miaka kumi, hiyo ndiyo ningeagiza. Kwa wengine, nunua jora zima la awamu moja ya kiwanda. Majora mawili ya namba moja yaliyotoka mwezi tofauti yanaweza kutofautiana, na ukikata mwili wa begi jora hili na mfuko jora lile, mteja ataona siku ya kwanza. Kata pia vipande vyote vya begi moja vikielekea upande mmoja, kwa sababu kitambaa kilichogeuzwa huakisi mwanga vingine.

Na sasa shauri ambalo huenda likakuudhi: acha kujaribu kuoanisha. Huwezi kuudhibiti mkanda, zipu na uzi kutoka viwanda usivyovijua, na zeituni inayokaribia kuoana huonekana kama kosa, lakini mikanda ya kahawia kwenye mwili wa zeituni huonekana kama uamuzi. Kahawia ya udongo, zipu ya kahawia, uzi wa kahawia. Vikipauka, vinapauka kuelekea rangi ya ardhi, na hakuna atakayekuuliza. Usitumie nyeusi ingawa ndiyo rahisi kupatikana, na usitumie bluu iliyokolea kwa paneli kubwa. Vitambaa vya kunasa mbung'o hutengenezwa kwa bluu na nyeusi kwa sababu rangi hizo zinawavuta, na anayepeleka wageni Tarangire anajua mbung'o ni nini.

Kuhusu kivuli chenyewe cha zeituni, uzoefu wa Wamarekani unatoa funzo la bei ghali. Mwaka 2004 walitangaza sare mpya ya mabaka ya kijivu, kijani kilichofifia na rangi ya mchanga, yaliyokusudiwa kufaa mjini, jangwani na msituni kwa pamoja. Vifaa vya rangi moja vilivyoendana nayo vilikuwa vya kijani cha ukijivu. Askari walilalamika kwamba yanaonekana kila mahali, na kufikia mwishoni mwa Septemba 2019 yalikuwa yameondolewa kabisa na nafasi yake kuchukuliwa na mabaka yenye kahawia na kijani cha joto. Kosa lilikuwa kufuata kijivu. Ardhi iliyo nyingi duniani ina umanjano na ukahawia ndani yake, na nyika zetu zina zaidi. Rangi inayouzwa leo kwa jina la Ranger Green, inayopendwa sana kwenye vizibao vya kubebea vifaa, ni zeituni iliyofifia yenye ukahawia na ukijivu kiasi, nyepesi kuliko Olive Drab. Hiyo ndiyo ningekushauri kwa Kaskazini mwa Tanzania. Kiangazi nyasi ni za dhahabu na kijani kilichokolea kinaonekana kama doa. Masika kila kitu ni kijani, na rangi hiyo bado haijitokezi. Kwa mteja wa misitu ya Usambara, kama ile ya Amani, chukua iliyokolea zaidi, karibu na OG-107. Lakini mwambie kila mmoja ukweli: ndege hushtushwa na mkono unaonyanyuka ghafla kabla hajashtushwa na rangi ya begi.

Jambo la mwisho ni la sheria, na usilichukulie kwa wepesi. Tanzania inakataza raia kuvaa sare za majeshi au nguo zinazofanana nazo bila kibali, na mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa wananchi siku saba kusalimisha mavazi ya namna hiyo. Kenya ina katazo lake, na Uganda ni kali hasa juu ya mabaka. Kitambaa cha zeituni cha rangi moja hakitoshi kuwa sare. Kinacholeta matatizo ni ukataji na mapambo: mabaka ya aina yoyote, vishikizo vya mabegani vya cheo, nembo, na kizibao chenye mifuko iliyopangwa kama ya kubebea magazini za risasi. Shona mifuko ya daftari, darubini na chupa ya maji kwa vipimo vya vitu hivyo, weka jina la karakana yako mahali panapoonekana, na ukipata oda kubwa ya vizibao vya rangi hii omba barua kutoka kwa kampuni inayoagiza ikieleza ni vya nani na vya kazi gani. Mteja anayekataa kuandika barua hiyo, mwache aende. Wageni wanaovuka mpaka wa Namanga au Mutukula na begi la mabaka walilonunua nyumbani kwao, washauri waliache hotelini.

Uliuliza pia kama unaweza kuyatia rangi upya mabegi yaliyokwisha kuwa mekundu. Usifanye. Nailoni inapokea rangi ya asidi vizuri ikichemshwa, lakini kitambaa cha begi kina utando wa plastiki upande wa ndani unaozuia maji, na maji ya moto yatautoa vipande vipande. Zipu ya poliesta haitapokea rangi hiyo, uzi hautapokea, na mteja atarudishiwa begi lenye rangi nne lisilozuia mvua. Kama mishono ni mizima, yaache yaendelee kufanya kazi. Wekundu ule wa vumbi hauwasumbui ndege wa nyika. Wale waliolalamika wape punguzo kwenye begi lijalo, likatwe kwenye jora ambalo umeshalipima juani.